Baba mkubwa wa Killmonger

Mzee mmoja jirani yangu hapa Mikindani, Mtwara, amewapiga marufuku wajukuu zake kwenda kibanda umiza kuangalia muvi za mashujaa wa Marvel. Anasema humo kila baba ni muongo na kila mtoto ni hakimu wa baba yake. Odin anamficha Loki, mtoto wake wa kulea, asili yake mpaka anakuwa mtu mzima. Thanos anawapiganisha mabinti aliowalea, na kila Nebula akishindwa na Gamora anang'olewa kiungo na kuwekewa chuma. Wenwu anamfundisha mwanawe Shang-Chi kuua, na binti hata hamtazami. "Mtoto akishiba hayo," mzee aliniuliza, "akirudi nyumbani ananitazama vipi?"

Swali lake ni la haki. Ila naona mzee ameisikia hukumu ya mtoto, kesi yenyewe hakuisikiliza.

Chukua Black Panther ya 2018. Mwaka 1992, huko Oakland, Marekani, Mfalme T'Chaka wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, anamuua mdogo wake N'Jobu, aliyekuwa ameshirikiana na wezi wa madini ya nchi hiyo. Anaondoka na kumwacha Erik, mtoto wa marehemu, ambaye baadaye tunamjua kama Killmonger. Kiingereza kinamwita T'Chaka kwa neno lilelile la mjomba, ndiyo maana kwenye muvi za kutafsiriwa utasikia "anko" na jambo linapita. Kwetu halipiti. Kaka wa baba ni baba mkubwa. Mtoto akifiwa, baba mkubwa haji kutoa pole akaondoka zake. Yeye ndiye baba aliyebaki. Basi Erik usiku ule alipoteza baba wawili, mmoja kwa kuuawa, mwingine kwa kupanda chombo akarudi kwao.

Hapo ndipo ninapokwama kila nikiiangalia. Inapita zaidi ya miaka 20. Wakanda ina vyombo vya kuruka vinavyofika Oakland na kurudi bila mtu kujua, na hakuna hata kimoja kilichotumwa kuuliza yule mtoto anakula nini, analala wapi. T'Chaka hakuwa katili. Alimpiga mdogo wake kwa sababu huyo alikuwa amemnyanyulia bastola Zuri, mpelelezi wa mfalme, na mkono wa mtu katika hali ile unaweza kueleweka. Lakini miaka 20 si mkono uliotangulia akili. Kila asubuhi aliamka mfalme, akajua kuna mtoto wake nje ya nyumba, akanyamaza. Zuri naye akanyamaza. Killmonger aliporudi kudai, ndugu zake wengi hawakujua kwamba ni damu yao.

Kisha T'Challa, mwana wa T'Chaka aliyerithi ufalme, anakwenda mbele ya mizimu na kumuuliza baba yake kwa nini hakumleta mtoto nyumbani, na anamwambia kwamba alikosea. Mzee wangu anaona hapo utovu wa adabu. Mimi naona kile tunachokifanya kwenye kila msiba wetu, pale msemaji wa familia anaposimama kabla ya mazishi na kutangaza kwamba anayemdai marehemu aje kwa watoto. Hakuna anayesema watoto hao wamemvunjia baba heshima. T'Challa naye alilipa: mwishoni ananunua jengo lile la Oakland alimofia N'Jobu, ili Wakanda ianze hapo kuwasaidia watu wa mtaa ule.

Guardians of the Galaxy ya pili, ya 2017, inagusa kidonda cha karibu zaidi na sisi. Ego, baba wa shujaa wa muvi Peter, amezaa kila sayari aliyopita, na watoto wasiomfaa anawaua. Peter analelewa na Yondu, mwizi mwenye mdomo mchafu, ambaye mwishowe anakufa kwa ajili yake. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Hapa kusini tunawajua watoto waliozaliwa fedha za korosho zilipokuwa mfukoni, msimu ukaisha na baba akaisha nao. Mtoto kama huyo haendi kujifunza dharau kibandani. Anakwenda kuona kwamba yaliyomkuta yana jina.

Mzee ana hoja moja nisiyoweza kuipangua. Kesi zote hizi zinaamuliwa kwa ngumi, na baba mara nyingi anakufa kabla ya kuomba radhi. Killmonger mwenyewe anaua watu wasiomkosea. Na DJ wa kutafsiri, akitaka kuwahi mapigano, anaweza kuongea juu ya maneno ya T'Challa na baba yake, ikabaki damu tu. Mtoto wa miaka 10 akiwa peke yake gizani atatoka akirusha mateke, na kwamba stelingi alilia hatalikumbuka.

Kwa hiyo mimi Black Panther niliiangalia na mpwa wangu sebuleni, nikisimamisha pale palipohitaji kusimamishwa. Kwetu Wamakonde ukoo ulihesabiwa kwa mama, na mtoto wa dada ni wa mjomba kabla ya kuwa wa mtu mwingine. Baba yake aliondoka yeye akiwa hajaanza kutembea. Ilipofika Oakland aliniuliza kwa nini baba mkubwa hakurudi kumchukua Erik. Nikamwambia aliona aibu. Akakaa kimya mpaka muvi ikaisha, kisha, kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema, akaniuliza baba yake yuko wapi. Nilizima runinga, nikamweleza ninayoyajua.