Vilele vya spektra na gundi ya maganda ya korosho

Karatasi iliyozua mjadala ilikuwa moja tu. Juu yake palikuwa na mchoro wa vilele vyembamba vilivyosimama kwa mafungu, kila fungu likiwa mbali na jirani yake kwa daltoni 312 hivi (daltoni ni kipimo cha uzito wa atomu na molekuli), na chini yake sentensi mbili za maelezo. Ilihusu gundi ambayo mbanguaji mmoja wa korosho hapa Mtwara, mtu niliyemfundisha kemia miaka ya nyuma, anajaribu kuitengeneza kwa mafuta ya maganda, na ambayo aliituma katika maabara ya mbali ipimwe kwa spektrometa ya tungamo, chombo kinachopima uzito wa molekuli. Yeye aliipokea karatasi ile kama cheti cha kuzaliwa, akiamini kwamba kila kinachofaa kujulikana kuhusu gundi yake kimo humo. Fundi anayefanya naye kazi, ambaye huipima gundi kwa mnato, kwa joto na kwa kidole, aliona ni fedha iliyotupwa baharini. Wote wawili waliniletea shauri, na sikuweza kumpa ushindi yeyote kati yao bila kwanza kueleza kile ambacho chombo hiki hupima hasa.

Polima ni mnyororo wa pingili zinazojirudia, mfano wa muwa. Tofauti yake kubwa na kemikali ya kawaida ni kwamba katika sukari safi kila molekuli ina uzito uleule, ilhali katika kopo moja la polima mna minyororo mifupi na mirefu iliyochanganyika, kwa hiyo hata swali jepesi la "ina uzito gani?" halina jibu moja. Spektrometa hupima molekuli zilizo katika hali ya gesi na zenye chaji ya umeme, na kwa miaka mingi hilo ndilo lililokuwa kikwazo, kwa sababu mnyororo mrefu ukipashwa moto huungua kabla haujaruka. Njia ilifunguka katika miaka ya 1980. Nchini Ujerumani, Michael Karas na Franz Hillenkamp walichanganya sampuli na kemikali ndogo inayofyonza mwanga wa leza, nayo ikaibeba sampuli hadi hali ya gesi bila kuivunja; nchini Japani, Koichi Tanaka wa kampuni ya Shimadzu alimwaga gliserini kwa makosa katika unga laini wa kobalti, akaona ni hasara kuutupa, akaujaribu hivyohivyo. Tanaka alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2002. Watu humkumbuka kwa sababu ya protini, ingawa kichwa cha makala yake ya mwaka 1988 kilitaja polima pia, jambo ambalo sisi tunaoshughulika na plastiki na gundi tuna sababu ya kulikumbusha.

Utaratibu wenyewe, unaoitwa kwa kifupi MALDI, ni rahisi kueleza. Polima huyeyushwa, huchanganywa na kibebaji, yaani ile kemikali ndogo inayofyonza leza, pamoja na chembe ya chumvi, kisha tone la mchanganyiko huo hukaushwa juu ya sahani ya chuma. Leza ikipiga, mnyororo huruka ukiwa umeshikana na ioni moja, yaani atomu yenye chaji, mara nyingi ya sodiamu, na husukumwa kwa umeme ndani ya bomba lisilo na hewa. Mwepesi hutangulia na mzito huchelewa, na muda wa safari ndio unaogeuzwa kuwa tungamo.

Hapo ndipo hoja ya mbanguaji ina nguvu ambayo fundi hakuipa haki yake. Tuchukue polithilini glaikoli, polima inayotumika katika dawa na vipodozi, ambayo kila pingili yake ina daltoni 44.026. Mnyororo wa pingili 25 una daltoni 1,100.65, ncha zake mbili, yaani haidrojeni upande mmoja na kundi la haidroksili upande wa pili, huongeza 18.01, na sodiamu iliyoubeba huongeza 22.99, jumla 1,141.65. Kilele kikionekana mahali hapo, si pingili tu zilizothibitishwa, bali na ncha pia. Kama mtengenezaji angekuwa ameweka methili badala ya haidrojeni kwenye ncha moja, safu nzima ya vilele ingesogea kwa daltoni 14.02, na kipimo cha mnato peke yake hakiwezi kusema kwamba badiliko hilo liko kwenye ncha. Kwa polima ambayo itaendelea kuunganishwa na vitu vingine, ncha ndizo zinazofanya kazi, kwa hiyo kuzijua si anasa ya kitaalamu.

Sasa turudi kwenye maganda. Mafuta yake, yale yanayobabua vidole vya wabanguaji, kwa sehemu kubwa ni asidi anakadi, ambayo ikipashwa moto hupoteza kaboni dioksidi na kuwa kadanoli. Kadanoli ni fenoli yenye mkia wa kaboni 15, na ikichemshwa na fomaldehidi huungana, pingili kwa pingili, kwa madaraja madogo ya kaboni moja; gundi za jinsi hii hutumika, pamoja na mambo mengine, katika bitana za breki za magari. (Fomaldehidi nayo hutokana na methanoli, na methanoli hutengenezwa kwa gesi asilia, kwa hiyo kwa nadharia malighafi zote mbili zimo mkoani humu, moja mikoroshoni na nyingine chini ya ardhi ya Mnazi Bay. Kati ya nadharia na kiwanda kuna safari, nami sitaifungua hapa.) Kila daraja jipya huleta daltoni 12.00 juu ya uzito wa kadanoli iliyoongezwa, kwa sababu fomaldehidi inayoingia hutoa maji. Ikiwa mpishi ametumia alkali na fomaldehidi nyingi badala ya asidi na fomaldehidi chache, baadhi ya pingili hubaki na kundi lililoning'inia ambalo huongeza daltoni 30.01, na gundi ya namna hiyo itaendelea kukomaa yenyewe ikiwekwa kwenye joto. Kumi na mbili au thelathini: hiyo ndiyo tofauti kati ya gundi inayoweza kukaa kwenye pipa kwa muda mrefu na gundi ambayo siku moja itaganda humo humo. Karatasi ile ilionyesha 12, na karibu haikuonyesha 30. Kwa swali hilo moja, gharama ilikuwa halali.

Lakini kadanoli si mtulivu kama polithilini glaikoli. Mkia wake huja kwa sura nne: usio na kiungo maradufu (yaani kaboni mbili zilizoshikana mara mbili na kukosa haidrojeni mbili), wenye kimoja, wenye viwili na wenye vitatu, kwa tungamo za takribani 304, 302, 300 na 298. Pingili mbili zikiungana huzaa tungamo 7 tofauti, tatu huzaa 10, na kumi huzaa 31, zote zikipishana kwa daltoni 2. Juu ya hayo kuna kaboni ya asili, ambayo takribani asilimia 1.1 yake ni kaboni 13, aina iliyo nzito zaidi kwa daltoni 1 hivi. Mnyororo wa pingili kumi una kaboni 219, hivyo kwa wastani hubeba kaboni 13 zaidi ya mbili, na mnyororo uliopata mbili husogea karibu daltoni 2, palepale pa mnyororo uliopungukiwa na kiungo maradufu kimoja. Tofauti ya kweli kati yao ni 0.009 ya daltoni. Kwenye tungamo la 3,000, kuzitenganisha kunahitaji chombo chenye uwezo wa kupambanua unaozidi 300,000, na bomba la kawaida la kupima muda wa safari halifiki huko. Kwa hiyo sentensi ya pili ya maelezo, iliyodai kutaja uwiano wa viungo maradufu katika minyororo mirefu kwa kutazama urefu wa vilele tu, ilidai zaidi ya kile ambacho mchoro uliweza kubeba.

Niliwahi kuumwa na nyoka wa shimo hilohilo. Katika jaribio la awali, maabara nyingine ilituandikia kwamba sampuli yetu imeoza kwa hewa, kwa kuwa kando ya kila kilele palikuwa na kilele kidogo kilichozidi kwa daltoni 16, uzito wa atomu moja ya oksijeni. Pipa lilikuwa karibu kumwagwa. Mikia ya kadanoli kweli hupenda oksijeni, kwa hiyo maelezo hayo yalikuwa na sura ya ukweli, ila potasiamu nayo humzidi sodiamu kwa daltoni 15.97, na oksijeni ni 15.99. Potasiamu imo katika jasho na katika majivu yanayopeperuka kwenye kila karakana inayochoma maganda. Tuliomba sampuli ipimwe upya ikiwa imeongezewa chumvi ya sodiamu kwa makusudi, na vile vilele vya pembeni vikafifia. Oksijeni iliyoungana na mkia isingeondoka kwa kuongezewa chumvi. Jambo lililonisikitisha halikuwa kosa lenyewe, maana kila mpimaji hukosea. Ni kwamba jaribio la kulithibitisha lilikuwa la dakika chache, na hakuna aliyelifanya hadi tulipolidai.

Hoja ya fundi ina uzito zaidi tukigeukia wastani wa urefu wa minyororo, kwa sababu kwake yeye gundi ni kitu kinachotiririka, na mtiririko hutawaliwa na minyororo mirefu. Tuseme tuna minyororo 10 ya daltoni 1,000 na mingine 10 ya daltoni 10,000. Wastani kwa idadi ni 5,500, na wastani unaozingatia uzito wa kila mnyororo ni takribani 9,180. Leza haiwatendei wote sawa: mirefu huruka kwa shida, na kipokezi kilichoshughulishwa na mifupi huisikia mirefu hafifu. Ikiwa chombo kitauona mmoja tu kati ya ile kumi mirefu, wastani wa kwanza utaporomoka hadi 1,818 na wa pili hadi 5,500, na mchoro utaonekana safi kabisa, bila dalili yoyote ya hitilafu. Ndiyo maana wataalamu wa fani hii huonya kwamba, uwiano wa wastani hizo mbili ukizidi 1.2 hivi, takwimu za MALDI zisiaminiwe peke yake. Na gundi za kuchemsha sufuriani kwa kawaida huwa na uwiano mkubwa kuliko huo. Kromatografia inayochambua minyororo kwa ukubwa hukwepa upendeleo huu, ingawa nayo ina dosari yake, kwa kuwa kwa kawaida hulinganisha kila polima na polistirini, plastiki ya aina nyingine, kana kwamba minyororo yote hujikunja kwa namna moja. Suluhisho linalotumika ni kuichambua sampuli kwanza kwa kromatografia, kisha kukipima kila kipande kwa leza. Ni kazi mara mbili, na ni ankara mara mbili.

Kuna pia mambo ambayo chombo hakiyaoni kabisa. Gundi ikishakomaa na minyororo kuungana pande zote haiyeyuki tena, na kisichoyeyuka na kisichoruka hakipimiki kwa njia hii. Bitana ya breki iliyokamilika ni jiwe mbele ya leza. Polithilini na polipropilini, ambazo ndizo ndoo, kamba na mifuko iliyopigwa marufuku Juni 1, 2019, hazina mahali pa kushika sodiamu, kwa hiyo huchunguzwa kwa kuvunjwavunjwa kwa moto na kupima mvuke wake. Mvuvi wa Mikindani huzitambua kwa haraka zaidi: kamba ya polipropilini huelea, uzi wa nailoni huzama.

Nailoni yenyewe ni mfano ninaoupenda kuliko yote. Nailoni 66, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935 na Wallace Carothers na wenzake katika DuPont, ina pingili ya daltoni 226.17, ilhali nailoni 6, iliyotokana na kazi ya Paul Schlack nchini Ujerumani mwaka 1938, ina pingili ya 113.08, nusu yake kamili, kwa kuwa atomu zake ni zilezile zilizopangwa kwa mfuatano mwingine. Mpangilio wa vilele vyote kwa pamoja unaweza kuzitofautisha, kwa sababu moja hupanda kwa hatua fupi na nyingine kwa hatua ndefu, lakini kipande kimoja cha 226 hakiwezi kusema kimetoka kwa nani mpaka kivunjwe ndani ya chombo. Kipimajoto hakisumbuki: nailoni 6 huyeyuka karibu na nyuzi 220 za selsiasi, nailoni 66 karibu na 260.

Nikipima yote hayo, sioni kwamba fundi alikosea kudai mnato, wala kwamba mbanguaji alikosea kutuma sampuli. Kosa lilikuwa kutuma gundi iliyokwisha kupikwa hadi mwisho na kuuliza "ni nini hiki?", wakati nguvu ya spektrometa iko mwanzoni mwa upishi, minyororo ikiwa bado mifupi, inayeyuka, na ncha zake zinaonekana, na swali la kuuliza huko ni jembamba: je, kuna 30 au hakuna, na inaanza kuonekana saa ya ngapi? Minyororo ikirefuka, karatasi huwa na thamani ndogo kila saa inayopita, na kikombe cha mnato cha fundi, ambacho ni kopo lenye tundu na saa ya mkononi, huwa na thamani kubwa zaidi.

Sampuli zinazofuata zimekubaliwa kuwa tatu, zitakazochotwa katika saa ya kwanza, ya pili na ya nne ya kuchemsha, kwa vijiko vilivyosuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi. Fundi ameomba lebo ziwe kubwa kidogo, apate nafasi ya kuandika sekunde zake.