Uchungu wa saga (mgagani) si wa brokoli

Wanaotaka mbegu za mboga zichaguliwe kwa jeni wana mfano wa kuonyesha: brokoli ya Beneforté, iliyofika madukani Uingereza mwaka 2011. Brokoli ya kawaida ilichavushwa na ndugu yake wa porini kutoka Sicily, Brassica villosa, na toleo la jeni ya MYB28 lililorithiwa huko likapandisha glukorafanini, kemikali ya asili ya brokoli inayosifiwa kiafya, mara 2 hadi 3. Ni uchavushaji tu, si uhandisi jeni.

Je, tuifanyie hivyo sukuma wiki? Kuna jeni nyingine, AOP2. Kwenye brokoli imeharibika, ndiyo maana glukorafanini haigeuzwi. Kwenye kabichi nyingi, jamaa wa sukuma wiki, bado inafanya kazi, nayo huzaa sinigrini, kemikali chungu. Ukiongeza MYB28 bila kupima AOP2, unaweza kuvuna uchungu tu. Tena glukosinolati, yaani kundi la kemikali hizi, hujengwa kwa salfa: shamba linalopewa mbolea za CAN na urea pekee halipati hata chembe yake kutoka kwenye mbolea hizo.

Jikoni nako kuna hesabu. Glukorafanini huwa sulforafani, ambayo ndiyo hasa inayosifiwa kiafya, inapokutana na kimeng'enya cha mirosinasi, jani au kichwa kikikatwa. Moto mkali huua kimeng'enya hicho. Kwa hiyo osha brokoli kwanza, katakata, iache dakika 40, ndipo ubandike. Ikishapikwa nzima, nyunyiza unga wa haradali mbichi, kwani una mirosinasi yake. Wanaosema ukataji sahihi ni nafuu kuliko mbegu mpya hawajakosea.

Saga, yaani mgagani, ni kesi tofauti, na hapa ndipo matangazo ya afya Nairobi huchanganya mambo. Glukosinolati yake kuu ni glukokaparini. Ikivunjika hutoa methili isothiosianati, kemikali inayotumika pia kufukizia udongo ili kuua wadudu na minyoo. Sifa za sulforafani haziihusu. Kupunguza jeni za uchungu kungewaokoa wapishi wanaochemsha saga, kumwaga maji pamoja na vitamini C na foleti, kisha kuilaza kwenye maziwa. Watoto wangeila bila kulazimishwa.

Mkulima naye ana neno: harufu ya saga yenye uchungu hufukuza utitiri mwekundu, mdudu mdogo anayeharibu majani. Saga tamu huenda ikadai dawa ya kupuliza. Mimi ningepunguza uchungu kiasi, si kuumaliza, na kila mbegu ningeijaribu shambani bila dawa kabla ya kuipeleka Marikiti.