Niliificha Namba ya Siri kwa Kiganja

Kwa kuwa katibu wa kamati yetu ya harusi amekwisha kuandika kwenye status yake kwamba nililia mbele za watu, nimeona heri nisimulie mwenyewe, tena leo hii, kabla habari haijafika kijijini imekuwa msiba. Sikulia. Nilitokwa na jasho, na jasho jingine likapitia machoni.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua kero yangu: mimi ndiye yule asiyechoka kuwakataza watu kutaja namba zao za siri. Jumapili, sebuleni kwa dada yangu huko Tabata, nilisimama karibu nusu saa nikiwasomesha wanakamati namna ya kupeleka kwenye 15040, namba ya kuripoti matapeli, ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na namna ya kupiga *106# ili mtu aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Nikamalizia, kidole juu, kwamba anayefanya mwaka wake wa kuzaliwa kuwa namba ya siri amemwachia mwizi mlango wazi. (Nyamazeni, najua mmeshafika mbele yangu.)

Kabla ya hotuba hiyo nilikuwa nimeunganisha simu yangu na runinga ya dada, ya inchi 55, ili wote waione bajeti ya ukumbi na vyakula. Bajeti tuliimaliza, kuitenganisha simu na runinga nikasahau.

Mwenyekiti akaniomba niwe mfano kwa wengine, nilipe pale pale ahadi yangu ya shilingi 200,000. Nikainuka kwa madaha, nikarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, nikaikinga simu kwa kiganja kama mtu anayeukinga moto wa kibiriti na upepo, kisha nikawatazama mmoja mmoja kuhakikisha hakuna anayechungulia. Hawakuchungulia. Wote walikuwa wametulia wakitazama upande wa pili, ilipo runinga, nami nikajisemea moyoni kwamba somo limewaingia.

Sasa, wenye programu ya benki wamezoea kuona vidoto wanapoandika namba ya siri. Mimi hutumia menyu ya nyota na reli, na kwenye simu yangu menyu hiyo haifichi kitu: unachobonyeza ndicho kinachoonekana. Nikabonyeza tarakimu ya kwanza. Mpwa wangu wa darasa la kwanza, ambaye wiki hiyo hiyo alisifiwa na mwalimu wake kwa kusoma namba, akatamka kwa sauti ya gwaride: "Moja!" Nikatabasamu, nikidhani mtoto anacheza. "Tisa!" Kidole kikasita hewani, ila nikajiambia ni bahati yake tu. "Saba!" Hapo nikasikia kicheko kikibanwa puani upande wa jikoni. Mtu mwenye akili angeishia hapo, lakini kidole kina mazoea ya miaka mingi na hakikunisubiri. "Tisa!"

Nikageuka polepole. Ukutani, kwa herufi nene kama matofali, mwaka wangu wa kuzaliwa ulikuwa umening'inia juu ya kabati la vyombo. Katika kuhangaika kuufuta nikabonyeza kutuma, na runinga ikatutangazia sote kwamba salio langu halitoshi, kwa kuwa ni shilingi 11,350.

Hakuna aliyejali salio. "Kumbe wewe ni wa 1979?" akauliza mwenyekiti, ambaye ni wa 1983, na ambaye kwa miaka miwili nimekuwa nikimpa shikamoo, naye akiipokea bila aibu, ili tu nionekane kijana.

Mengine ni mafupi. Nilichomoa waya wa runinga, nikabadilisha namba ya siri nikiwa chooni, nikaondoka bila kula pilau. Leo asubuhi mwenyekiti amenipigia kudai ile ahadi. Ameanza na shikamoo.