Kachumbari ya Simba Mmoja

Aliyesema kwamba kachumbari ni chakula cha kubana matumizi bila shaka alikuwa amekaa mezani, ameshanawa mikono, anasubiri kuletewa. Mimi, ambaye kwa Jumapili tatu mfululizo nimekabidhiwa idara nzima ya vikorombwezo katika nyumba yangu mwenyewe, eti kwa sababu nilitamka mbele ya mke wangu kwamba fedha za jikoni zinakwisha kabla ya tarehe 20 kwa uzembe, nina maoni tofauti, na nitayatoa hapa kwa kuwa nyumbani hayana msikilizaji.

Kila Jumapili asubuhi hupewa noti moja ya shilingi 2,000. Ni ile yenye picha ya simba, na ikiwa mfukoni unamsikia kabisa anavyonguruma, lakini nikifika kwenye genge la kona ya mtaa wetu huku Tabata simba yule hugeuka paka na kuanza kujikunyata. Ninachotumwa ni nyanya, vitunguu, tango, karoti, hoho, ndimu na pilipili, pamoja na mchicha “chenji ikibaki”. Nikiuliza ni kwa nini fungu lililokuwa na nyanya sita mwezi uliopita sasa lina nne, kijana wa genge, ambaye huniita mzee ilhali tumepishana miaka ya kuhesabika, hanijibu kwa hesabu bali kwa jiografia. Nyanya zinatoka Ilula, mzee wangu, na kule mvua imeharibu. Vitunguu ni vya Singida. Karoti zimeshuka kutoka milimani Lushoto, na gari liliharibikia njiani. Hivyo kila Jumapili natembezwa nchi nzima kwa nauli yangu mwenyewe, kisha narudi nyumbani na mfuko ambao hata upepo unaweza kunipokonya.

Siku moja nilijifanya mjanja, nikaacha mafungu na kununua masalo, zile nyanya zilizoiva kupita kiasi zinazouzwa kwa bei ya kutupa, nikatembea kifua mbele kama mtu aliyeipatia serikali mapato. Masalo ni mazuri sana kwa mchuzi, hilo sikatai, lakini kisu kilipogusa nyanya ya kwanza ilinirukia shatini, na ya pili haikusubiri hata kuguswa. Kachumbari inataka nyanya ngumu, yenye kukubali kukatwa vipande vyembamba bila kulia, na huko kulia nikaachiwa mimi kwenye vitunguu. Nimekuja kugundua kwamba machozi yale hayaletwi na kitunguu peke yake, bali na kisu butu, ambacho hakikati bali kinaponda, na kadiri kitunguu kinavyopondwa ndivyo kinavyofukiza ule ukali wake machoni. Mke wangu alinitazama nikijifuta kwa kiwiko, akachukua kikombe cha udongo, akakigeuza kitako juu, akanoa kisu pale mara kumi hivi, akanirudishia bila kusema neno. Miaka kumi na moja ya ndoa, na siri hiyo amekaa nayo!

Kuhusu mchicha sitasema mengi, kwa maana bado nina uchungu. Nilinunua mafungu mawili yaliyojaa beseni hadi nikaogopa kwamba tutawagawia majirani, nikayaosha mara tatu kuondoa mchanga, nikakatakata, nikayatia kwenye sufuria yenye kitunguu na nyanya, nikafunika. Nilipofunua, nilikuta kitu cha ukubwa wa ngumi kimejikusanya katikati kama mtoto aliyekosa. Zaidi ya asilimia 90 ya mchicha ni maji, maana yake ni kwamba mimi na kijana wa genge tumekuwa tukibishana bei ya maji yaliyopakwa rangi ya kijani. Nikaongeza karanga za kusaga ili chakula kionekane, na kwa kweli kikawa kitamu, ila sahani ya kila mtu ilipata vijiko viwili, na cha pili kilikuwa cha heshima tu.

Lakini yote hayo ni madogo. Jumapili ya tatu alikuja mama mkwe kutoka Tanga, na mtu wa Tanga usimtanie kwa kachumbari. Nilidhamiria kumwonyesha kwamba binti yake hakuolewa na mzigo. Nilikata kila kitu kwa wembamba wa karatasi, nikaiviringisha ndimu mezani kwa kiganja ili itoe maji yote, nikakamua, nikatia chumvi ya kutosha, nikachanganya, nikafunika kwa sahani. Hiyo ilikuwa saa tano asubuhi. Chakula kililiwa saa nane.

Sasa, chumvi ina tabia ya kunyonya maji kutoka kwenye kila kilichokatwa, na haichagui kama mkweo yupo au hayupo. Bakuli lilipofunuliwa, vitunguu vilikuwa vinaogelea, matango yamelegea kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni, na karoti pekee ndiyo iliyokuwa bado imesimama upande wangu. Mama mkwe alichungulia ndani kwa muda mrefu.

“Baba Asha,” alisema kwa upole ule unaochoma, “hii tuile kwa kijiko, ama tuletewe vikombe?”

Mkwe hajibiwi, kwa hiyo niliinama na kupewa somo mbele ya wanangu. Kumbe vitunguu hukatwa kwanza, vikafikichwa kwa chumvi hadi vilainike, vikasuuzwa kwa maji mara mbili na kukamuliwa ili ukali uondoke. Kumbe nyanya huingia mwishoni. Kumbe chumvi na ndimu hutiwa watu wakiwa wameshakaa mkekani, pilau likiwa limeshapakuliwa. Kumbe, kumbe, kumbe. Nilitamani kuuliza kwa nini maarifa yote hayo yalisubiri niaibike kwanza, lakini Asha, mwenye miaka tisa, alikuwa ameshainua bakuli na kumimina ule mchuzi juu ya pilau lake, mdogo wake akamfuata, na muda si mrefu nilimwona mama mkwe akichota kijiko kimoja kwa siri, halafu cha pili bila siri yoyote. Bakuli lilirudi jikoni kavu.

Hakuna aliyenipongeza. Jumapili iliyofuata nilimkuta simba wangu amelala juu ya meza ya jikoni kama kawaida, amebanwa kwa ndimu moja, ila kopo la chumvi nimelitafuta kabati zima sijaliona.