Kanyaga, achia, kanyaga, achia

Fundi aliniuliza swali moja tu la maana siku ile, "bosi, hii shida imeanza lini na kabla yake gari ilifanyiwa nini?", na mimi kwa macho makavu kabisa nikamjibu haijafanyiwa kitu fundi, imeanza tu yenyewe.

Uongo mtupu. Juzi yake nilikuwa nimeosha injini kwa maji ya presha, kitu ambacho shemeji yangu alishanikataza mara 2, na bahati mbaya shemeji mwenyewe alikuwa amesimama pale pale karakana mikono nyuma ananiangalia. Sasa ningesema nini jamani.

Turudi nyuma kidogo. Asubuhi hiyo nilikuwa naye kwenye gari, tukakuta lori mbele, nikawasha indiketa nikatoka kuovateki kama mwanaume, nikakanyaga mafuta mpaka chini. Gari ikavuta vizuri mpaka tukalingana na dirisha la dereva wa lori halafu ikasema basi, hapa panatosha. Yaani mguu uko sakafuni na mshale wa spidi unashuka! Mimi na yule dereva wa lori tukawa tunakwenda sambamba kama tumeajiriwa kampuni moja. Akaniangalia. Nikamwangalia. Nikampungia mkono, maana ukimya ulikuwa umezidi. Kwa huruma yake akapunguza mwendo ili nipite, na mimi nikawa nimepungua vile vile, tukabaki hivyo hivyo mpaka nikakata tamaa nikarudi nyuma yake kwa adabu.

Shemeji hakusema neno. Alivuta tu mkanda kuhakikisha umefunga.

Ila nikagundua kitu cha ajabu, nikiachia mafuta kidogo halafu nikakanyaga tena, gari inapata nguvu kama sekunde 2 hivi ndipo inakabwa upya. Kwa hiyo safari yote iliyobaki tulienda kwa mtindo huo, kanyaga achia kanyaga achia, na kila nikikanyaga kichwa cha shemeji kinakwenda nyuma, nikiachia kinakuja mbele, ungemwona kwa mbali ungedhani anakubaliana na mimi kwa kila kitu, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nioe kwao.

Karakana fundi akaanza kazi. Kachomeka mashine ya kusoma kodi, zile namba za makosa zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari, hakuna kodi hata moja, taa ya injini imezima, kompyuta inasema gari ni nzima. Kachomoa plagi, nzima, koili nazo nzima. Akafunga geji kwenye njia ya mafuta, nikapiga resi, mshale wa presha umetulia pale pale, maana yake pampu na filta ya mafuta hazina kosa. Akahisi masega, lile chujio la moshi kwenye ekzosi, yameziba, akafungua sensa iliyoko mbele ya masega ili moshi upate pa kutokea, tukaijaribu gari barabarani inanguruma kama trekta na nguvu bado hakuna. Masega yakavuliwa lawama. Na mimi kila baada ya dakika 10 namfungulia boksi la ea klina namwonyesha filta, "ona fundi, nyeupe, nimeibadilisha juzi juzi tu". Filta ilikuwa safi kweli, kwa hilo sikudanganya.

Mwisho fundi akaniambia niingie ndani nikanyage mpaka mwisho, yeye akainama kwenye boneti akashika lile bomba la mpira linalopeleka hewa kwenye injini. Kwenye silensa, yaani injini inawaka bila kukanyaga mafuta, bomba limetulia tu. Nilipokanyaga likabonyea, likanywea katikati kama mrija wa juisi ukiziba ncha halafu uvute. Fundi akasema "zima", akanyamaza, akatabasamu kwa namna ambayo sikuipenda.

Akanielewesha pale pale. Injini ya cc 1500 kila mizunguko 2 inameza lita moja na nusu ya hewa, sasa ukikanyaga hadi mizunguko 4000 kwa dakika hapo unazungumzia karibu lita 3000 kwa dakika. Kwenye silensa inaonja kidogo tu, ndiyo maana ikiwa imesimama unaiona haina tatizo. Na kompyuta haiwezi kulalamika, sensa ya hewa iko baada ya filta, inahesabu hewa ndogo iliyopita, kompyuta inamwaga mafuta kidogo ya kulingana nayo, mahesabu yanakubali na maisha yanaendelea. Njaa ipo ila vitabu viko sawa.

Hapo ndipo jasho likaanza kunitoka, kwa sababu nilikumbuka. Kabla ya kumwaga yale maji niliziba mdomo wa bomba la hewa pale nyuma ya shoo, ule wavu wa mbele ya gari, kwa mfuko wa nailoni, ili maji yasiingie kwenye injini. Nilijisifu kabisa, nikasema watu wengine hawana akili kama yangu. Kuutoa sasa...

Fundi akafungua bomba la chini, akalikung'uta, mfuko ukadondoka pwaa miguuni kwa shemeji. Kumbe ulikuwa ukivutwa ndani nikikanyaga, unaganda kwenye tumbo la filta, nikiachia unateleza unarudi kwenye kona ya bomba, tukifungua boksi hatuoni kitu.

Ningeweza bado kukana. Ningesema umeokotwa na upepo barabarani, mbona mifuko inapeperuka kila siku. Tatizo binti yangu ni mtu wa mpangilio, na ule mfuko alikuwa ameuandika kwa maka peni, herufi kubwa zinazosomeka vizuri mno: SOKSI ZA BABA.

Shemeji aliusoma kwa sauti. Akausoma tena. Halafu akamuuliza fundi, si mimi, fundi: "Na soksi zenyewe ziko wapi?"

Nikaapa kwamba soksi ziko nyumbani kwenye droo, mfuko niliutumia mtupu. Fundi akasema sawa bosi, nimekuelewa, huku anachukua tochi anamulika tena ndani ya bomba, na alimulika muda mrefu.