Mikoko ilipwe, moshi usifutwe

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, la kilomita 1,443, linaishia hapa Tanga, Chongoleani. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 ya hisa, CNOOC ya China 8. Mwaka 2020 kampuni hizohizo mbili ziliuziana shehena ya gesi ya kimiminika iliyonadiwa kuwa haina kaboni. Gesi ilikuwa ileile. Kilichoongezwa ni krediti za kaboni, ambazo kila moja huhesabiwa kuwa tani moja ya hewa ukaa iliyozuiwa au kuondolewa kwingineko. Baadhi zilitoka msitu wa Kariba, Zimbabwe. Oktoba 2023 kampuni ya South Pole, iliyokuwa ikiziuza, ilijitoa Kariba baada ya madai kwamba krediti zilizidi msitu uliookolewa.

Utapeli mtupu, basi? Ng'ambo ya mpaka, kijijini Gazi, Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja umeuza krediti za mikoko kwa zaidi ya miaka kumi, na fedha zimeingia kwenye maji na shule. Mkinga na Pangani tuna mikoko hiyohiyo. Nani mwingine atamlipa mwanakijiji ili boriti ziendelee kusimama majini? Doria ya kujitolea hailishi watoto.

Kwa hiyo ugomvi wangu si na malipo ya mikoko, ni na ile hesabu ya kutoa: kampuni inachukua tani za moshi wake, inaondoa tani za krediti, kisha inajiita safi. Mafuta ya Hoima yamelala ardhini mamilioni ya miaka. Yakichomwa, sehemu ya hewa ukaa yake itabaki angani karne nyingi. Mkoko waweza kukatwa mwakani. Tena krediti za kuzuia ukataji hutegemea kukisia msitu ungekatwa kiasi gani bila mradi, na anayekisia mara nyingi ndiye muuzaji.

Wenye viwanda vya saruji wana hoja nzito zaidi ya kutumia krediti: mawe ya chokaa yakichomwa hutoa hewa ukaa yenyewe, hata moto uwe wa nini. Hao wafidie kwa krediti, ila baada ya kupunguza moshi wanaoweza.

Oktoba 2025 mahakama ya Paris iliamua kuwa TotalEnergies ilipotosha wateja ilipojinadi kuelekea usawa wa kaboni, yaani kutoongeza hewa ukaa angani kwa hesabu ya jumla, ifikapo 2050. Umoja wa Ulaya nao, kuanzia Septemba 2026, unakataza kuita bidhaa safi kwa sababu tu ya krediti. Hofu ya wauzaji naielewa: kampuni isiyoruhusiwa kujisifu huenda isilipe. Hata hivyo naona afadhali kijiji kipate mnunuzi mmoja anayeuita mchango wake mchango, moshi wake akauandika pembeni wote bila kuondoa krediti humo, kuliko kumi wanaonunua ruhusa ya kuendelea kuchoma.