Zile filamu hamsini za Im Kwon-taek

Wapenzi wa sinema wanapomzungumzia Im Kwon-taek, mwongozaji filamu wa Korea Kusini, huanzia mwaka 1981, alipotoa Mandala, kisa cha watawa wawili wa Kibudha wanaotangatanga. Filamu zipatazo hamsini alizozifyatua kati ya 1962 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanazipita kama hazipo. Mwenyewe amekiri kuzionea aibu. Mimi siafiki, hata kama mwenye mali ndiye anayeikataa.

Alizaliwa Jangseong, jimbo la Jeolla Kusini, katika ukoo uliokuwa na watu wa mrengo wa kushoto, na Korea Kusini ya siku zile haikulisamehe jambo hilo. Wakati wa Vita vya Korea akakimbilia mji wa Busan, akafanya vibarua, kisha akauza viatu vilivyotokana na mabuti ya jeshi la Marekani. Matajiri wake walipohamia Seoul na kuingia kwenye filamu, wakamchukua awe wa kutumwatumwa. Alikwenda kwa ajili ya tumbo.

Sheria ya wakati huo ilizibana kampuni za filamu: ukitaka kibali cha kuingiza filamu za nje, tengeneza kwanza za Kikorea. Basi zikatengenezwa chapuchapu, kwa fedha kiduchu. Im akapewa mapigano, vita, mapenzi, visa vya wafalme, na yote akayamaliza. Humo ndimo alimojifunza mahali pa kuweka kamera na namna ya kumwongoza mwigizaji saa zikiwa zimekwisha. Ni chuo gani kingempa mazoezi kiasi hicho?

Tazama Seopyeonje ya 1993, inayohusu waimbaji wa pansori, uimbaji wa masimulizi unaosindikizwa na ngoma moja tu. Baba, binti na kijana wanashuka njia ya shambani kisiwani Cheongsando, kando ya kuta za mawe. Kwa mbali ni vinukta tu. Baba anaanza wimbo, binti anaupokea, kijana anashika ngoma, mwendo unageuka kuwa mchezo, nao wanazidi kutusogelea. Dakika tano nzima, bila kukata picha. Mwongozaji mwenye wasiwasi asingethubutu. Baadaye baba huyohuyo anampofusha binti ili sauti yake ipate uchungu. Namchukia mzee yule, lakini binti akiimba siwezi kuondoka.

Seoul peke yake watu zaidi ya milioni moja waliingia kuitazama, jambo ambalo filamu ya Kikorea haikuwahi kulifikia. Mwaka 2002 tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, likampa tuzo ya mwongozaji bora kwa filamu yake Chihwaseon, akigawana na Mmarekani Paul Thomas Anderson. Mwaka 2014 akatoa filamu yake ya 102.

Hifadhi ya Filamu ya Korea imeweka kadhaa YouTube, bure. Anza na Seopyeonje, ukimaliza utafute moja ya miaka ya 1960, yoyote utakayoipata, uangalie anavyoiweka kamera.